USIKU WA KUAMKIA SAFARI



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi wa huku kwetu Kibiti na delta ya Rufiji hulifikiria siku ya mwisho, au hawalifikirii kabisa: msafiri wa ndege atalala wapi usiku wa kuamkia safari yake? Tikiti hununuliwa miezi kabla. Nguo hushonwa, sanduku hufungwa kamba, na jamaa wote huja kuaga na kuomba dua. Lakini ukimwuliza msafiri mahali atakapolala usiku wa mwisho, hukujibu, "Dar es Salaam wamo jamaa, hatukosi pa kulala." Jibu hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo, kwa sababu limekwisha kuwatia wasafiri wengi taabuni, na jamaa zao limewatia katika taabu kubwa zaidi ambayo hawaisemi.

Njia yetu ni ndefu

Mtu wa mjini huanza kuhesabu safari yake mlangoni pa uwanja wa ndege. Mtu wa delta huhesabu tangu maji kujaa. Atokaye Mbwera au Salale hana budi kuyangoja. Yakipwa, mashua hukwama matopeni baina ya mikoko, wala hakuna tikiti ya ndege itakayoyafanya yajae upesi. Akifika Nyamisati hutafuta gari la kumtoa mpaka Bungu kwenye barabara kuu ya Kilwa, kisha basi mpaka Mbagala Rangi Tatu, kisha Temeke na Tazara, ndipo aishike Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Barabara ya Pugu, mpaka Kipawa ulipo uwanja. Aliyeko Kibiti mjini amepumzika na habari ya mashua, walakini naye ana yapata kilomita 140 za barabara, na mwisho wake foleni ya Mbagala inamngoja.

Tena njia hii ina siku zake. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mto ulifurika katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba zikaingia maji. Mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kilipiga pwani, na huko Somanga barabara ya kusini ikakatika, magari yakasimama pande zote mbili. Aliyekuwa na ndege siku hizo, akawa amepanga kutoka kwake asubuhi na kuruka usiku uleule, alijionea mwenyewe. Kwa hiyo msafiri wa huku kwetu yampasa alale Dar es Salaam usiku mmoja kabla. Hilo halina mjadala. Mjadala uko katika mahali pa kulala.

Kungoja safari si jambo geni kwetu

Watu wa pwani wamezoea kungoja. Zamani majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na baina ya pepo hizo mbili manahodha na mabaharia walikaa wakingoja. Na kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wenzetu wa Kilwa na Lindi walilala Ndundu ukingoni mwa mto, wakingoja pantoni. Baraza ya msikiti ilikuwa kitanda cha wengi.

Nao wenyeji wa pwani hii wana sifa ya kale ya kupokea wageni. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipita pwani yetu mwaka 1331 mpaka akafika Kilwa. Katika habari za Mogadishu ameeleza kwamba chombo kikitia nanga, vijana wa mji huja kwa vyombo vidogo wakichukua vyakula vilivyofunikwa. Kila mmoja humwendea mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Mgeni huteremkia nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye amwuziaye bidhaa zake na kumnunulia azitakazo. Ama Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipewa nafasi katika nyumba ya wanafunzi.

Twaomba msomaji alitazame jambo hili vizuri. Ukarimu ule ulikuwa na mpango wake. Mwenyeji alikuwa na nyumba yenye nafasi, alijua wageni wanakuja msimu gani, na ujio wa mgeni ulimletea riziki. Sasa tumlinganishe na mwenyeji wetu wa leo. Yuko Mbagala au Kiwalani. Amepanga chumba kimoja na sebule. Maji ananunua kwa madumu. Alfajiri anatoka kwenda kibaruani. Mgeni anamfikia na masanduku mawili, na usiku wa manane atamtoa kitandani ili amtafutie gari. Naye hawezi kusema neno, maana ni damu yake.

Mkeka usio na mwenyewe

Mwaka 2023 tulimsindikiza shangazi yetu, mkaazi wa delta, aliyekuwa akienda Muscat kumwona mwanawe na wajukuu. Alifuatana na kitindamimba wake, kijana wa miaka 19. Ndege yao iliandikiwa saa 11 alfajiri, na waliambiwa wawe uwanjani saa 8 za usiku. Tukamshauri tangu nyumbani kwamba tukodi vyumba karibu na uwanja. Shangazi akakataa katakata.

"Mwanangu," alisema, "umri wangu wote sijalala gesti. Leo nakwenda safari ya heri, nianzie huko? Watu watanionaje? Na mwana wa dada yangu yuko Mbagala, nikampite mlango?"

Hatukubishana naye, kwa maana ni mkubwa wetu, na katika maneno yake kulikuwa na haki. Tukaenda Mbagala. Ndugu yetu alitupokea kwa furaha ya kweli. Mkewe alikuwa amepika wali wa nazi na kamba, tukala tukashiba. Tulipomaliza kuswali, shangazi akauliza watoto wako wapi. Akajibiwa kwamba watalala kwa jirani. Akanyamaza. Kisha akaona mkeka umetandikwa ukumbini karibu na mlango, na juu yake mto mmoja.

"Mkeka huu wa nani?" akauliza.

Hapana aliyemjibu. Mke wa ndugu yetu alikuwa mjamzito wa miezi minane. Alisimama pale akikunja kitambaa, macho yake chini. Shangazi akamtazama, akautazama mkeka, akamgeukia mumewe akasema: "Mwanangu, chakula chako nimekula nimeshiba, na Mungu akuzidishie. Kitanda chako mlaze mkeo. Nipelekeni huko kwenye gesti yenu."

Ndugu yetu alitaka kukasirika. Shangazi akamshika mkono, akamwambia kwamba heshima yake ameiona katika sahani na katika uso wake, na kwamba usiku ule hakuna mtu katika nyumba hii atakayelala chini kwa ajili yake. Basi tukaagana kwa wema.

Hapo ndipo tulipolipata neno tunalotaka kulisema leo. Ukarimu una sehemu nyingi: salamu, chakula, mazungumzo, dua na kusindikizana. Kitanda ni sehemu moja tu, na katika nyumba za mjini ndiyo sehemu iliyo ghali kuliko zote. Msafiri aweza kuzipokea zile zote kwa jamaa yake, na kitanda akakinunua. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba mgeni ana haki ya siku tatu, na mafundisho hayohayo yakamkataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Sisi tumeishika sana nusu ya kwanza, nusu ya pili tumeiacha.

Nyumba ya kwanza na ya pili

Kandokando ya uwanja wa ndege, katika mitaa ya Kipawa, Ukonga, Banana na Kiwalani, nyumba za kulala wageni ni nyingi, za kila namna. Nyumba ya kwanza tuliyoifikia ilikuwa na taa nzuri za nje na kibao kikubwa. Mpokeaji akataka fedha kwanza. Tukamwambia twataka kuona chumba. Akasita, kisha akatufungulia. Choo kilikuwamo ndani kama alivyosema, lakini bomba halikutoa tone. "Maji yatakuja usiku," alisema. Ukuta wa pili kulikuwa na baa, na ngoma yake ilitikisa kioo cha dirisha. Tukamshukuru, tukaondoka. Kwa kuwa hatukuwa tumelipa, hatukupoteza kitu ila dakika chache.

Nyumba ya pili ilikuwa haina urembo. Tulilipa shilingi 30,000 kwa kila chumba, vyumba viwili: kimoja cha shangazi, kimoja chetu na kijana. Ndani kulikuwa na kitanda, chandarua kizima, feni, ndoo na kata, kandambili mbili na kipande cha sabuni. Shangazi alifungua bomba kabla ya kuvua buibui. Maji yakatoka. Akainua ncha ya shuka akatazama pindo za godoro, kwa maana kunguni hujificha humo, asimwone hata mmoja. Kisha akakaa kitandani akasema, "Kumbe ni chumba tu."

Saa 7 za usiku mlinzi alitugongea mlango kama tulivyomwomba. Gari tuliloagana nalo tangu jioni lilikuwa nje. Robo saa baadaye tulikuwa mbele ya jengo la tatu la abiria, lile lililofunguliwa mwezi wa Agosti mwaka 2019, ambako ndege za nchi za nje hupokea abiria wake. Hakuna ajabu iliyotokea usiku ule, nasi hatukutaka ajabu. Shangazi alipanda ndege akiwa ameoga, amelala saa nne, na moyo wake haumdai mtu usingizi.

Juu ya sifa mbaya ya nyumba za wageni

Twajua wazee wengi watasema kwamba nyumba hizi zina sifa mbaya, na kwamba zipo zinazofungua milango kwa maovu. Hatukanushi. Zipo nyumba zinazokodisha chumba kwa saa, na hizo mtu wa heshima azipite mbali. Lakini dalili zake zaonekana hata na mgeni wa mji: baa mlangoni, kitabu cha wageni kisichoandikwa, na mpokeaji asiyeuliza jina lako. Nyumba ya kweli hukuuliza jina, utokako, uendako na namba ya kitambulisho, akaiandika katika kitabu. Wengine huudhika kwa maswali hayo. Yafaa washukuru, maana kitabu hicho ndicho kinachomzuia asiyetaka kujulikana.

Tena tutazame matokeo ya kuzikataa nyumba zote kwa jumla. Kila mwaka wapo mabinti wa pwani wanaosafiri kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Mzazi asemaye, "Binti yangu halali gesti," huku yeye mwenyewe amebaki kijijini, hajui kwamba binti atalala mahali palipochaguliwa na wakala, pamoja na watu asiowajua, na hati yake ya kusafiria imo mkononi mwa mtu mwingine. Je, ipi iliyo salama zaidi? Sisi twasema: baba, kaka au mjomba na afuatane naye mpaka uwanjani. Wakodi vyumba viwili katika nyumba inayojulikana. Usiku ule hati ya kusafiria, tikiti, nakala ya mkataba wa kazi na kadi ya chanjo vilale chini ya mto wa binti mwenyewe. Na mzazi ausome mkataba ule kwa utulivu, neno kwa neno, akiwa bado na usiku mzima wa kusema "la" ikiwa kuna la kukataa. Chumba cha usiku mmoja ni bei ndogo kwa nafasi hiyo.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwa faida ya vijana watakaowasindikiza wazee wao, twayataja yaliyo muhimu.

La kwanza, omba kuona chumba. Fungua bomba, washa taa na feni, jaribu kitasa kwa ndani, tazama chandarua kama kina matundu na godoro kama ni safi.

La pili, uliza saa ya kutoka. Nyumba nyingi za kwetu hutaka mgeni awe ametoka saa 4 asubuhi. Anayefika alfajiri na kutaka kulala mpaka jioni aweza kudaiwa siku mbili, na ugomvi ukaanza wakati wa kuondoka.

La tatu, uliza kilichomo katika bei. Chai ya asubuhi imo au haimo? Gari la kwenda uwanjani ni la bure au la kulipia, na je, lipo usiku wa manane? Gari la bure linaloanza saa 12 asubuhi halimfai mtu wa ndege ya saa 11. Patana na dereva jioni, andika namba yake, na umwombe mlinzi akuamshe hata kama simu yako ina kengele.

La nne, pokea risiti na uihifadhi.

La tano ni juu ya wajibu wa mgeni mwenyewe. Chumba ulichokodi ni amana. Usiingize watu watano katika chumba ulichosema ni cha mmoja. Usiwashe jiko ndani. Taulo na shuka si mali yako kwa kuwa umelipa. Uache choo kama ulivyokikuta au bora zaidi, na mfanyakazi anayefagia nyuma yako mwambie neno jema.

Ibada ya msafiri chumbani

Hapa Dar es Salaam jambo la kibla ni jepesi mno. Makka iko karibu kabisa kaskazini yetu. Anayejua jua linapochomoza aliweke mkono wake wa kuume, naye amekwisha kuelekea. Msafiri aliyetoka Kibiti, kwa kuwa umbali wake umetimia, anaruhusiwa kuzifupisha swala za rakaa nne ziwe mbili, na kuikusanya Magharibi na Isha, ili alale mapema. Lakini Alfajiri haikusanywi wala haifupishwi. Ikiwa ndege itaruka kabla ya kuingia wakati wake, ajue kwamba jua huenda likachomoza akiwa angani. Basi aingie ndegeni na udhu wake, na wakati ukiingia aswali kwa kadiri awezavyo, asingoje kutua mpaka wakati ukatoka.

Na huko aendako asiichukue kaskazi yetu mfukoni. Muscat na Dubai kibla kiko upande wa magharibi. Madrid kiko mashariki, kwa kuelekea kusini kidogo.

Nyumba za jina moja katika nchi za mbali

Tumeitaja Madrid kwa sababu kijana mmoja tuliyemsomesha alipita huko, akalala usiku mmoja karibu na uwanja wa ndege, akatusimulia. Alisema aliona jina la hoteli ile katika miji mingine mitatu, na kila mahali chumba kilikuwa kilekile: kitanda, taa, meza ndogo ya ukutani, na bafu ambalo mtu akigeuka kiwiko hugonga ukuta. Hakuna wa kumbebea sanduku. Ufunguo ni kadi. Chai ya asubuhi ina bei yake peke yake.

Hizo ndizo hoteli za bei nafuu zenye jina moja katika nchi nyingi, na historia yake si ndefu. Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Paul Dubrule na Gérard Pélisson, walifungua hoteli ya kwanza ya Novotel huko Lesquin, karibu na uwanja wa ndege wa mji wa Lille. Mwaka 1974 ikafuata hoteli ya kwanza ya ibis huko Bordeaux, ya bei ya chini zaidi. Mwaka 1985 ikaja Formule 1, ambako hata choo na bafu vilikuwa vya kushirikiana, ili bei ishuke tena. Siri yao ni kuondoa kila ambacho mgeni wa usiku mmoja hakihitaji, na kuhakikisha kwamba alichobakiziwa ni safi na hakibadiliki. Anayelipa huko ananunua usingizi na ukaribu wa ndege, basi. Asiyelijua hili hulalamika kwamba hakuna aliyemkaribisha. Anayelijua huchukua maji yake ya kunywa na kulala.

Vijana wetu watakaofika Hispania wajue mambo matatu. Kwanza, kitabu cha wageni kipo huko pia, nacho kina nguvu ya sheria: nyumba za kulala hutakiwa kuandika habari za kila mgeni na kuzipeleka kwa wakuu wa usalama, na tangu Desemba 2024 habari zinazotakiwa zimezidi. Basi hati ya kusafiria iwe mkononi. Pili, katika jimbo la Catalonia, ulipo mji wa Barcelona, kuna ushuru wa kila usiku tangu mwaka 2012, ambao huenda usiwemo katika bei uliyoiona mwanzo. Tatu, nyama ya nguruwe ni chakula cha kawaida mezani asubuhi, hivyo uliza kabla ya kupakua.

Na wajue pia kwamba katika ardhi ile nyumba ya wageni ni jambo ambalo Waislamu waliliacha na jina lake. Neno la Kihispania fonda, maana yake nyumba ya kulala wageni, limetokana na funduq la Kiarabu. Mjini Granada jengo la Corral del Carbón lingali limesimama, funduq ya karne ya 14, ambako wafanyabiashara waliweka bidhaa na kulala. Wanachuoni, mahujaji na matajiri walilala katika nyumba kama hizo, wakilipa, na hakuna aliyewahesabia kuwa ni aibu.

Neno la mwisho

Twamalizia kwa kuwaomba wenye nyumba jambo moja. Wakati wa kupanga safari ya mzee, fedha ya usiku wa mwisho iandikwe katika karatasi ileile ya tikiti na hati ya kusafiria. Kama jamaa wanachanga, mmoja wao achange kitanda. Kijana wa Mbagala asiyeweza kumlaza mgeni amchangie gari la usiku, naye atakuwa ametimiza haki yake. Na msafiri asiache kupitia kwa jamaa zake, ale nao, awaombee, kisha awaachie watoto wao mahali pao pa kulala. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwenyeji hapewi afya na mgeni aliyemnyima usingizi.

Shangazi yetu alirudi baada ya miezi mitatu. Tulipompokea uwanjani tulimwuliza apelekwe wapi kwanza. Alisema, "Mbagala, nikamwone mtoto."

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wasafiri wetu wote, na awarudishe kwao na heri. Wabillahi tawfiq.